Kusimama juu ya Tanganyika jua likizama

MAGARA, Rumonge

Mfanyabiashara anayetoka Kigoma arudishe saa yake nyuma kwa saa moja, la sivyo atafika ufukweni mapema mno. Huku Burundi jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 12 jioni, na hapo ndipo wageni wa likizo hupenda kujaribu ubao wa kusimama na kupiga kasia.

Anayeanza hupiga magoti katikati ya ubao, huvuta kasia mara kadhaa, kisha husimama mguu mmoja baada ya mwingine, magoti yakiwa yamelegea. Macho yatazame milima. Anayetazama miguu yake huishia majini, na wavuvi wa ndagala wana haki ya kucheka.

La kuogopa ni upepo. Nchi kavu inapopoa jioni, upepo hugeuka na kuvuma kuelekea ziwani. Aliyesimama huwa kama tanga. Husukumwa mbali bila kujijua, na giza la huku halisubiri. Vaa jaketi la kuokolea maisha, funga kamba ya ubao mguuni, waulize wenyeji kuhusu viboko na mamba, usiende mbali. Ukisukumwa, lala kifudifudi urudi kwa mikono, wala usiuache ubao. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470.

Waliokimbilia Tanzania kwa mitumbwi mwaka 1972 hawahitaji kuelezwa hayo. Si ajabu mzazi aliyerejea akabaki mchangani, macho kwa mwanawe, mpaka taa za wavuvi zianze kuwaka.