Mgeni katika Mji wa Nikeli

Katika nyumba nyingi za Katanga siku hizi mtamsikia mama akisema, "Mwanangu yuko Uchina." Jirani akimwuliza ni Uchina ya upande gani, hujibu kwamba ni mbali tu. Lakini nchi ile ni kama Kongo nne zilizounganishwa, wala si wote waendao huko wanaofikia Guangzhou, penye Waafrika wenzao na maduka ya kila namna. Wako wanaopelekwa bara, kwenye miji ya viwanda ambayo Wachina wengi wenyewe hawajapata kuiona. Leo twataka kuutazama mmoja wa miji hiyo, na tumeuchagua kwa sababu una udugu na nchi yetu: ni Jinchang, katika jimbo la Gansu.

Jinchang uko kaskazini ya milima ya Qilian, kwenye ile njia nyembamba ambamo zamani misafara ya ngamia ilipitisha hariri kwenda magharibi. Kutoka Lanzhou, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 300. Upande mmoja utaona theluji juu ya milima, na upande wa pili jangwa. Mvua ni haba mno. Kwa nini basi watu wapatao 438,000, kama walivyohesabiwa mwaka 2020, wakae mahali pa namna hiyo? Jibu limo chini ya ardhi.

Mwaka 1958 wapimaji wa mawe walionyeshwa kipande cha jiwe la kijani lililookotwa upande ule. Mtu wa Likasi au Kolwezi angelitambua mara moja, kwa maana ni lile lile jiwe la kijani la shaba ambalo wazee wetu waliliyeyusha kabla ya Wazungu kufika. Kumbe chini yake palikuwa na nikeli nyingi ajabu, pamoja na shaba, kobalti na platini. Mwaka 1959 kampuni ikaanzishwa, ndiyo Jinchuan ya leo. Mji wenyewe ulipewa cheo cha mji mwaka 1981 tu. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2012, iliinunua kampuni ya Metorex, iliyokuwa na mgodi wa Ruashi ubavuni mwa Lubumbashi, na ule wa Kinsenda. Hivyo ndivyo jina la mji wa jangwani lilivyofika kwetu.

Tuseme sasa kwamba kijana wa Lubumbashi, aliyejifunza Kichina na kazi ya umeme wa mitambo, ametumwa huko kwa mwaka mmoja. Atakutana na nini?

Kwanza atakutana na karatasi. Sheria iliyoanza kutumika mwezi wa Julai 2013 yamtaka kila mgeni asiyelala hotelini kujiandikisha polisi katika saa 24 za kufika kwake. Akilala hotelini, wenye hoteli humwandikia. Baada ya hapo, kama viza yake ni ya kukaa siku nyingi, ana siku 30 za kuomba kibali cha kukaa. Tena kibali chake cha kazi kimefungamana na mwajiri mmoja aliyetajwa humo. Hawezi kuamka asubuhi na kuhamia kwa mwingine kwa kuwa mshahara ni mnono zaidi. Akipitisha siku zake, faini yaweza kuwa yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au atiwe kizuizini siku tano hadi kumi na tano.

Hapa tusimame kidogo, akina baba na mama, kwa kuwa wako watu wapitao mitaani wakiwaahidi vijana kazi ya kufundisha Kiingereza huko Uchina, hata kijana ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha. Kwa kawaida mwalimu wa namna hiyo hutakiwa awe raia wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa nayo, tena awe na shahada ya chuo kikuu. Mwenye viza ya masomo naye haruhusiwi kufanya kazi bila kibali. Anayeshikwa akifanya kazi kinyume cha sheria hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito hufungiwa. Aliyempeleka hayuko pale kumlipia. Kabla ya kuuza kiwanja cha nyumba ili kumsafirisha mtoto, ulizeni kwanza viza ni ya namna gani na jina la mwajiri ni lipi.

Turudi kwa kijana wetu. Asubuhi ya kwanza ya Desemba atadhani saa yake imeharibika. Uchina yote hufuata saa ya Beijing, na Jinchang uko mbali magharibi. Jua huchomoza karibu saa mbili na nusu. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa jua hatungeelewana na mji ule kabisa! Baridi ya usiku hugandisha maji, lakini nyumba hupashwa moto kwa mabomba yaletayo maji ya moto, nayo huwashwa kwa majira kwa mji mzima. Hewa ni kavu hata midomo hupasuka. Majira ya kuchipua huja na mchanga. Tarehe 5 Mei 1993 dhoruba nyeusi iliupita mji huo na wilaya jirani, mchana ukawa usiku, na katika eneo lote lililopigwa watu 85 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakitoka shuleni.

Barabarani atakodolewa macho. Watoto watamwita laowai, yaani mtu wa nje, na wengine wataomba kupiga picha naye, au kuzigusa nywele zake bila kuomba. Mara ya kwanza atacheka; mara ya hamsini hatacheka tena. Hilo si la kuficha. Lakini atagundua pia jambo litakalomkumbusha nyumbani: hata huko mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Mama muuza mboga huitwa ayi, ndiyo mama mdogo. Mzee wa mlangoni ni shushu, yaani baba mdogo. Na fundi kazini ni shifu. Kijana akianza kuwaita hivyo, uso wa muuza mboga hubadilika, na kitunguu cha nyongeza hutiwa kapuni.

Tena wenyeji wa Jinchang ni wenyeji wa juzi. Mgodi ulipoanza, wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi za Uchina, wengine wakilala katika mashimo ya udongo kwa kukosa nyumba. Wajukuu wao wanajua babu alitoka wapi. Katika wilaya ya Yongchang, iliyo chini ya mji huo, kuna hata kijiji kinachodaiwa kuwa ni cha wazao wa askari wa Roma waliopotea baada ya vita vya mwaka 53 kabla ya Kristo. Uchunguzi wa damu uliotangazwa mwaka 2007 haukuiunga mkono habari hiyo, lakini sanamu za Warumi wamezisimamisha, na wageni hulipa kuziona. Twakiri kwamba hadithi hii yatupendeza kuliko ushahidi wake.

Chakula ni tambi za ngano na nyama ya kondoo. Muhogo na sombe asitafute. Hata hivyo mahindi hulimwa Gansu, na unga wake hupatikana sokoni. Ni wa manjano na mkavu mkavu, lakini ukisongwa vema hutoa bukari.

Na simu? WhatsApp imefungwa huko, kwa hiyo mama anayengoja ujumbe wa mtoto kwa njia hiyo atangoja bure na kudhani amekufa. Afungue ile ya Wachina, WeChat, kabla mtoto hajapanda ndege. Saa zao ziko mbele ya zile za Lubumbashi kwa sita. Kijana akimaliza kusonga bukari lake saa nne za usiku na kupiga simu, nyumbani ni saa kumi za jioni, na jua bado lipo uani.