Malaria Inapopanda Kichwani

Kati ya mwaka 2005 na 2010, Hospitali Teule ya Muheza na hospitali ya Korogwe, mkoani Tanga, zilishiriki utafiti mkubwa uliohusisha nchi 9 za Afrika na watoto 5,425 wenye malaria kali. Baadhi walichomwa kwinini, wengine atesuneti. Katika kundi la kwinini walikufa asilimia 10.9, katika kundi la atesuneti asilimia 8.5. Ndiyo maana leo mtoto anayefikishwa wodini hajitambui kwa malaria huchomwa atesuneti. Dawa hiyo pia ilipunguza idadi ya waliopata degedege baada ya kulazwa, na hapo ndipo swali letu linapoanzia: kimelea cha kwenye damu kinaufikiaje ubongo?

Hakiingii ndani yake. Hukaa kwenye chembe nyekundu za damu, nazo hunata katika kuta za mishipa midogo kabisa na kuziba njia. Hili lilijulikana zamani, kwa kupasua maiti na kutazama ubongo kwa hadubini. Lakini maiti husimulia habari za waliokufa tu, na hata hao si wote wameuawa na kile kilichoandikwa kwenye faili. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walichunguza maiti za watoto 31 waliodhaniwa kuwa na malaria ya ubongo. Ripoti yao ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa 7 walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Dalili iliyowatenganisha na wenzao wakiwa hai ilikuwa jichoni. Retina ni sehemu ya ubongo iliyochungulia nje, na daktari mwenye kurunzi ya macho huiona mishipa yake bila kumkata mtu. Kwa mkoa kama Tanga, naona kifaa hicho kidogo kina faida kuliko mashine nyingi za bei mbaya.

Mashine nazo zina kazi yake. Blantyre hiyohiyo walipopata MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, waliona kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. Ubongo uliovimba hukandamiza shina lake, mahali panapoongoza pumzi. Kilifi, Kenya, walitumia EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho Mjerumani Hans Berger alianza kukitumia kwa binadamu mwaka 1924. Waligundua kuwa baadhi ya watoto waliolala kimya walikuwa katikati ya degedege. Mwili umetulia, ubongo unawaka.

Anayepona je? Kampala walifuatilia watoto waliopona, na baada ya miaka miwili takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kumakinika. Wengine, kama ilivyoonekana Malawi, hupata kifafa miezi kadhaa baadaye, au hubadilika tabia: mtoto mpole anakuwa mkorofi, hatulii darasani. Nyumbani husemwa ana shetani, au mama yake kamdekeza. Mama hana kosa. Ni jeraha.

Magonjwa ya akili yenyewe hayajionyeshi wazi hivyo kwenye vipimo. Katika skizofrenia, MRI ya wagonjwa wengi kwa pamoja huonyesha tofauti ndogo za wastani na watu wasio wagonjwa, lakini hakuna picha inayoweza kuthibitisha kuwa fulani anayo. Huko sayansi ilitanguliwa na dawa: kloropromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na baadaye ndipo ikajulikana kuwa inazuia vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Hospitali ya Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikawa ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo iliwatunza wagonjwa kwa karibu nusu karne kabla ya dawa hiyo kuwapo. Hata leo ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo marefu na mgonjwa na jamaa zake, kwa hiyo atakayekuuzia picha ya kichwa kama uthibitisho wa skizofrenia anakula pesa yako.

Mzazi ambaye mwanao aliwahi kulazwa hajitambui kwa malaria: mwangalie kwa mwaka mzima baada ya kutoka wodini. Akianguka tena bila homa, au tabia yake ikibadilika, mrudishe kliniki na useme wazi kwamba aliwahi kuugua malaria ya ubongo.