Dawa ya Chupa Haifufui Injini Iliyochakaa



Katika ziara za ukaguzi kwenye vyama vya msingi vya Milima ya Uluguru, kuanzia Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, na kwa upande wa pili kuanzia Mlali hadi Mgeta na Nyandira, swali moja limekuwa likiniandama. Viongozi huuliza: "Bwana Mkaguzi, hizi dawa za chupa zinazouzwa mjini Morogoro, zinazosemekana kuirudishia injini kuukuu ujana wake, je, ni za kweli?" Swali hili si dogo. Chama chenye mashine ya kusaga, au gari la kuteremshia mazao, huweza kusimama au kuanguka kwa ajili ya injini moja. Kwa hiyo nimeona vyema nilijibu hapa mbele ya vyama vyote.

Jibu kwa ufupi ni hili: ziko kazi ndogo ambazo baadhi ya dawa hizo huweza kuzifanya, lakini kurudisha chuma kilicholika si mojawapo. Sababu zake ni rahisi kueleweka, na kila mjumbe wa Bodi yampasa kuzifahamu kabla ya kutia sahihi hati ya malipo.

Injini huchakaa vipi?

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Nafasi iliyopo baina ya pistoni na ukuta wa silinda ni ndogo mno, hata hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, nayo huzibwa na ringi za chuma. Ringi hizo zina kazi mbili: kuzuia hewa iliyogandamizwa isivujie chini, na kukwangua oili ukutani isipande juu ikaungua pamoja na dizeli. Kati ya ringi na ukuta hukaa utando mwembamba wa oili, na maadamu utando huo ni safi, chuma na chuma havigusani sana.

Adui mkubwa wa utando huo ni vumbi. Mahindi yaliyoanikwa chini huja mashineni na mchanga wake. Unga nao hutanda nyumba nzima na kuziba chujio la hewa. Chujio likipasuka, au likiondolewa na mtu asiyefikiri mbele, mchanga huvutwa hadi ndani ya silinda na kufanya kazi ya tupa. Silinda hulika, hasa sehemu ya juu ambako ringi hugeuka, ringi hupungua unene, mgandamizo hushuka. Hapo ndipo injini huwa ngumu kuwaka asubuhi, hukosa nguvu, hutoa moshi wa buluu, na hunywa oili.

Sasa tujiulize: kimiminika kinawezaje kukirudisha chuma hicho? Zile injini nzito za mwendo wa polepole za aina ya Lister, ambazo zimesaga nafaka vijijini kwetu kwa miaka mingi, huzunguka kiasi cha mara 650 kwa dakika. Maana yake ringi hupita juu ya ukuta uleule mara 1,300 kila dakika. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hiyo ni mara 624,000. Chochote kilichopakwa ukutani hapo hukwanguliwa, kwa kuwa kukwangua ndiyo kazi ya ringi.

Kilichomo ndani ya chupa

Yafaa ieleweke kwanza kwamba oili nzuri ya injini huuzwa ikiwa imekwisha kutiwa dawa kiwandani: sabuni za kusafishia masizi, viungo vya kuzuia uchafu usigande, na michanganyiko ya zinki na fosforasi inayokinga chuma kisisagane. Kwa hiyo anayenunua chupa huongeza dawa juu ya dawa, na aghalabu hajui kama hizo mbili zinapatana.

Dawa zenyewe ni za namna mbalimbali. Zilizo nyingi ni mafuta mazito kama asali. Kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito, na oili nzito hupenya polepole zaidi kwenye nafasi iliyopanuka. Ndiyo maana moshi hupungua na kelele hutulia kwa muda. Nyingine zina unga laini wa ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Unga huo huweza kuziba chujio la oili. Ziko zilizo na klorini, ambazo katika joto la injini huweza kuzaa tindikali inayokula chuma.

Kwa haki, tuseme pia mazuri. Dawa ya kusafisha huweza kulegeza ringi iliyogandamana na masizi ambayo bado haijalika. Dawa ya kusafisha nozeli, inayotiwa kwenye dizeli, huweza kusaidia nozeli iliyochafuka. Iko pia ya kulainisha sili za mpira zilizokauka, ikapunguza uvujaji. Lakini katika mifano yote mitatu kilichotibiwa ni uchafu au mpira, wala si chuma.

Mbona wako wanaoshuhudia kwamba imewafaa?

Wengi wao hawasemi uongo. Fundi anapotia dawa, kwa kawaida humwaga kwanza oili nyeusi ya zamani, akabadilisha chujio na kujaza oili mpya. Injini yoyote hutulia baada ya kufanyiwa hivyo. Sifa huiendea chupa, ilhali aliyefanya kazi ni oili mpya.

Mambo haya yamekwisha kufika mbele ya vyombo vya sheria mbali na hapa. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa amri mwaka 1976 kuhusu matangazo ya dawa ya oili ya STP. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola 500,000, na kutumia dola 200,000 nyingine kutangaza suluhu hiyo katika magazeti. Mwaka 1995 waliokuwa wakiimiliki bidhaa hiyo walikubali kulipa dola 888,000 kwa madai ya kuivunja amri ileile. Mwaka 1996 Tume iliwashtaki watengenezaji wa Slick 50, nao mwaka 1997 wakakubali kutotoa madai ya namna hiyo bila ushahidi wa kutosha. Kesi hizo zilihusu madai yaliyozidi ushahidi. Wahenga walikwisha kutuusia: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kwetu nako, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na chama kilichodanganywa kinaweza kupeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ushindani.

Kisa cha chama kimoja

Nakieleza kisa hiki bila kutaja jina, kwa maana nami nina sehemu yangu katika kosa. Chama kimoja cha msingi cha upande wa mashariki wa milima kilikuwa na mashine ya kusaga. Katika daftari la malipo nilikuta hati tisa za "dawa ya injini" katika miezi saba. Kila hati ilikuwa na sahihi zote zinazotakiwa na stakabadhi yake imeambatishwa. Nilizipitisha. Sikuuliza kwa nini mgonjwa mmoja anakunywa dawa ileile mara tisa.

Niliporudi, mashine ilikuwa imesimama. Mwendesha mashine alinionyesha daftari lake dogo la shule, ambalo hakuna kiongozi aliyewahi kuliomba. Humo aliandika kila lita ya oili aliyoongeza: lita tatu katika mwezi wa kwanza, lita kumi na moja katika mwezi wa saba. Ugonjwa wote uliandikwa mle kwa kalamu ya risasi. Injini ilipofunguliwa ilionekana kwamba chujio la hewa liliondolewa zamani na mahali pake pakafungwa kitambaa. Mwanzoni ringi na slivu mpya zingetosha. Sasa hata krenkishafti ilikuwa imekwaruzwa na ikahitaji kuchongwa.

Muda wa wiki sita, kina mama wa kijiji kile walibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, kuteremka na kupanda, ilhali mashine ni mali yao. Viongozi hawakuiba hata senti. Walichoogopa ni kuuambia mkutano mkuu kwamba injini imechoka na kwamba hakuna fedha iliyowekwa akiba kwa ajili yake. Kila chupa iliwapa mwezi mmoja zaidi wa kunyamaza. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya dawa hizi katika ushirika: huahirisha taarifa ambayo wanachama wana haki ya kuipata.

Kuipima injini kabla ya kuinunulia chochote

Tazama moshi kwanza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua; hapo shuku ringi, silinda au valvu. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Anza na chujio la hewa, kisha nozeli. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto ni dalili ya dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia ndani. Vyama vya huko juu Mgeta vikumbuke pia kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu huko hata ikiwa mpya. Kupungua huko si uchakavu.

Kisha, injini ikiwa imezimwa na dizeli imefungwa, gurudumu lake zito lizungushwe polepole kwa mkono. Likigoma na kurudishwa nyuma kana kwamba lina springi, mgandamizo upo. Likipita bila kipingamizi, unavuja. Fundi atie oili kidogo sana ndani ya silinda na kuzungusha tena: mgandamizo ukipanda, kasoro ni ringi na silinda; usipopanda, atazame valvu na gasketi.

Hatari moja isisahaulike. Chupa ikimiminwa juu ya oili iliyokwisha kujaa, kipimo huzidi. Injini ya dizeli iliyochakaa huweza kuivuta oili hiyo ya ziada na kuichoma kama dizeli, ikakimbia yenyewe hata dizeli ikifungwa, mpaka ivunjike. Katika nyumba ya mashine iliyojaa watu, hilo ni jambo la kufa na kupona.

Ushauri kwa vyama

1. Mwendesha mashine awe na daftari la saa za kazi, dizeli na oili. Bodi ilisome kila mwezi. Oili inayoongezwa ikizidi mwezi hadi mwezi, fundi aitwe.

2. Chujio la hewa likaguliwe kila siku ya kazi, na oili ibadilishwe kwa saa zilizoagizwa katika kitabu cha injini, kwa oili ya daraja linalotakiwa.

3. Malipo ya dawa ya injini yasiidhinishwe bila maelezo ya maandishi ya fundi yanayotaja kasoro na jinsi ilivyopimwa. Ombi la pili kwa kasoro ileile likataliwe.

4. Silinda ipimwe kwa kipimo cha fundi, si kwa jicho. Kama imelika, iamuliwe kati ya kuchonga na kutia pistoni ya saizi ya ziada, au kutia slivu mpya. Bei zipatikane kwa mafundi wasiopungua wawili.

5. Sehemu ya mapato ya kila mwezi iwekwe akiba kwa ajili ya uchakavu wa mashine, isiguswe kwa shughuli nyingine.

6. Mahali ambapo umeme wa njia tatu umekwisha kufika, Bodi ilinganishe gharama ya matengenezo makubwa na gharama ya mota ya umeme kabla ya kuamua.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa ya chama. Kwa hiyo injini ikichoka, wa kwanza kuambiwa ni wanachama, pamoja na hesabu ya kuitengeneza. Wengi wao ni wakulima wanaojua kwamba jembe lililolika halirudi kwa kupakwa mafuta. Wakielezwa wazi, watachanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami kwa upande wangu, kuanzia kisa kile, kila nifikapo chamani huomba kwanza daftari la mwendesha mashine, ndipo nifungue la fedha.