Usiku Unashikwa na Nani?

Anayeajiriwa kumtunza mzee aliyelala kitandani kwa kiharusi huweza kutamani kuondoka hata kabla mwezi haujaisha. Mgongo unauma, usingizi hakuna, mgonjwa anafoka, na siku ya mapumziko aliyoahidiwa haitajwi tena. Kwa kuwa yote humjia kwa pamoja, huyaona kuwa tatizo moja, na hapo ndipo uamuzi unapoharibika. Ukali wa mtu ambaye ubongo wake umejeruhiwa, pampasi za kubadilishwa, uji unaotemwa: hayo ni sehemu ya kazi na atayakuta hata akihamia nyumba nyingine. Kukosa glavu, kukosa mapumziko na kukosa mtu wa kupokezana naye ni mpango wa mwajiri, na mpango hubadilika mwenyewe akitaka. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama kazi ni ngumu. Ni kama aliyekuajiri yuko tayari kurekebisha kilicho mikononi mwake.

Kipimo kizuri ni usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo hupata vidonda vya mgandamizo visiginoni, nyongani na chini ya mgongo. Maana yake ni kuamka mara nne au tano kabla ya alfajiri, kisha kuogesha, kupika na kufua hadi jioni. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hata kwa anayeishi kazini, mapumziko ya kila siku hayashuki chini ya saa nane. Basi mwulize mwajiri, kwa heshima na bila kuzunguka: usiku unashikwa na nani? Anayetafuta ndugu wa kusaidia, hata siku tatu kwa wiki, anastahili kupewa muda. Anayejibu kwamba aliyekutangulia hakuwahi kulalamika amekwisha kukuonyesha miezi ijayo itakavyokuwa.

Uliza mapema, maana sheria yenyewe inatofautisha. Ndani ya mwezi wa kwanza notisi ya chini ni siku saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Aliye kazini chini ya miezi sita hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo haki, lakini ujira wa siku alizofanya kazi ni wake. Kutoroka usiku kunamgharimu, kwa sababu anayekataa kufanya kazi katika muda wa notisi anaweza kukatwa malipo ya muda huo.

Wapo watakaosema mvumilivu hula mbivu, na kwamba kumwacha mgonjwa ni ukatili. Hoja hii ina uzito, kwa maana mzee hakuchagua mpango huo. Lakini mtu asiyelala wiki tatu husahau dawa, hulisha kwa haraka hadi mgonjwa akapaliwa, na humnyanyua vibaya wakaanguka wote wawili. Uvumilivu wa namna hiyo haumlindi mgonjwa. Unawaficha tu ndugu zake ukweli kwamba kazi ile ni ya watu wawili. Hoja ya uhaba wa ajira ni nzito zaidi, na mwenye watoto wanaomtegemea ana haki ya kubaki huku akitafuta kwingine. Ila penye kipigo, kushikwashikwa mwili au kunyang'anywa kitambulisho, sioni sababu ya kuhesabu siku: aondoke leo. Kwingineko, siku za notisi zitumike kuandika saa za dawa, namna mzee anavyomeza, na mahali ngozi yake ilipoanza kuwa nyekundu, ili atakayepokea asianze gizani.