Deraya ya Kebo Bila Ethi Ni Hatari Iliyozikwa

Anayetaka kupeleka umeme kwenye pampu ya kisima, taa za uzio au banda la kuku huambiwa anunue kebo ya deraya, na ushauri huo ni sahihi. Chini ya ganda la nje la kebo hiyo kuna nyaya za chuma kilichopakwa zinki, zinazozizunguka nyaya za shaba za ndani ili hizo zisikatwe na jembe wala kutafunwa na panya. Kebo hii ni ghali, na mwenye nyumba akishaifukia huamini kwamba amemaliza suala la usalama. Bado hajamaliza. Deraya imewekwa kuilinda kebo. Ili imlinde mtu pia, lazima iunganishwe na ethi.

Sururu ikipasua kebo, chuma cha deraya husukumwa hadi kikagusa waya wa moto. Maji yakiingia kwenye boksi la maungio, matokeo ni yale yale. Kama deraya haikuungwa popote, inabeba volti 230 kuanzia mwanzo wa kebo hadi mwisho wake, pamoja na chuma chochote inachokigusa. Hakuna sakiti breka itakayoanguka, kwa sababu mkondo haujapata njia ya kurudi. Atakayeipa njia hiyo ni mtu wa kwanza kushika nguzo ya taa akiwa peku kwenye udongo uliolowa.

Mafundi wengi wanalijua hilo, ndiyo maana huunga deraya kwenye rodi ya ethi kisha wakaridhika. Hapa ndipo penye tatizo kubwa zaidi, hasa kwa nyumba zinazotegemea rodi zao zenyewe. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 20, na ethi ya transfoma ina omu 5. Hitilafu ikitokea, volti 230 zinakutana na jumla ya omu 25, hivyo mkondo unaopita ni ampea 9.2. Sakiti breka ya ampea 20 inauona huo kuwa mzigo wa kawaida na haikati kamwe. Wakati huo huo ampea hizo, zikipita kwenye omu 20 za rodi, zinaacha volti 184 kwenye deraya na kwenye kila chuma kilichoungwa na ethi hiyo, hata mlango wa friji jikoni. Kikomo kinachotumika kwa usalama wa mguso ni volti 50. Kwa hiyo hitilafu ya bustanini inaweza kumuua mtu aliye ndani ya nyumba.

Kinachookoa hapa ni swichi ya kinga ambayo mafundi huiita RCD. Hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Zile ampea 9.2 zilizoshindwa kuiangusha breka ni zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Lakini swichi hiyo ikae nyumbani, mwanzoni mwa kebo. Ikifungwa kule kwenye pampu, kebo nzima iliyo ardhini inabaki bila ulinzi wake.

Kuhusu kuunga deraya na ethi, kazi huharibikia kwenye glandi, yaani kifungio kinachoishika kebo inapoingia kwenye boksi. Boksi likiwa la plastiki, glandi inaweza kukazwa vizuri na kupendeza huku deraya haijagusana na ethi yoyote. Lazima iwepo pete ya shaba chini ya glandi, na kutoka kwenye pete hiyo waya wa kijani na njano uende hadi kwenye sehemu ya kuungia ethi. Nje tumia glandi inayobana na ganda la nje pia, ili maji yasipenye hadi kwenye chuma. Katika ukanda wa pwani, hewa ya chumvi hula zinki haraka sana. Mimi hushauri kebo yenye nyaya tatu za ndani, mmoja ukiwa wa ethi, ili pampu isitegemee deraya peke yake. Chuma hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kutu ikianza haonekani wa kuishuhudia chini ya ardhi.

Neno juu ya chumvi na mkaa vinavyomwagwa kwenye shimo la rodi. Chumvi hupunguza ukinzani kwa muda, kisha mvua huiondoa, nayo rodi huliwa. Kuongeza rodi au kuipeleka chini zaidi, kwenye udongo usiokauka kiangazi, kuna faida ya kudumu.

Kitufe cha kujaribia kilicho kwenye RCD kinathibitisha kwamba swichi inafanya kazi. Hakisemi lolote kuhusu rodi wala deraya. Hivyo, kabla hujamlipa fundi na kabla mtaro haujafukiwa, mtake azime umeme, apime mbele yako kama deraya ya upande wa pampu imeungana na ethi ya nyumbani, kisha apime ukinzani wa rodi kwa kifaa chake na akuandikie namba aliyoipata. Fundi mwenye leseni hatakasirika ukimwomba hivyo. Akikataa, tafuta mwingine.