Kazi ng'ambo ya mpaka: ofisi ya Leta haiuzi kazi

Siku hizi ombi moja linarudi mara kwa mara kwenye biro za parokia zetu. Kijana au mama anakuja kumwomba Baba Mchungaji barua ya kushuhudia mwenendo wake, kwa sababu amepata kazi nje ya nchi. Tukiuliza ni kazi gani, jibu huwa fupi. Dubai, kazi za nyumbani. Oman, kusafisha hoteli. Au Kampala kwanza, halafu mengine wataelezwa wakifika. Na karibu kila mara kuna dola ambazo zimekwisha kulipwa.

Hatuandiki ili kuwazuia watu kusafiri. Sisi wa mashariki tumezoea kuvuka: Bukavu kwenda Rusizi, Goma kwenda Gisenyi, Uvira kwenda Bujumbura, kutoka asubuhi na kurudi jioni. Tunaandika kwa sababu wengi hawajui kwamba dunia ina huduma za Leta zilizowekwa kwa ajili ya mtu anayetafuta kazi, hata ng'ambo ya mpaka. Asiyezijua hawezi kuzitofautisha na mtu aliyempata kwenye simu.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mwaka 1948 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 88 juu ya huduma za ajira. Unasema kila nchi iliyoukubali iwe na huduma ya ajira ya Leta, na huduma hiyo iwe ya bure. Kazi yake ni kuandika majina ya wanaotafuta kazi, kupokea nafasi kutoka kwa waajiri, na kuwakutanisha. Mkataba huo unataja pia wafanyakazi wanaotoka nchi moja kwenda nyingine: pale ambapo serikali mbili zimepatana, huduma hiyo irahisishe safari yao. Mwaka 1997 mkataba mwingine, namba 181, uligusa mashirika ya watu binafsi yanayotafutia watu kazi. Nayo yasimtoze mfanyakazi. Anayehitaji mfanyakazi ndiye alipe. Kanuni hii ya pili ina mianya, maana serikali inaweza kuruhusu malipo fulani, na ndani ya mianya hiyo wengi wamejenga nyumba zao.

Kwetu Congo ofisi hiyo inaitwa ONEM, na iliundwa mwaka 2002. Wengi wanaijua kwa jina tu. Lakini Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri apeleke mkataba ulioandikwa kwa ONEM ili utiwe visa. Maana yake, mtu wa tatu, asiye mwajiri wala mfanyakazi, anapaswa kuutazama huo mkataba kabla haujawekwa kwenye kabati. Hiyo ni kwa kazi za hapa nchini. Anayekwenda nje anahitaji jicho hilo la tatu zaidi, kwa sababu huko hana mjomba wa kumkimbilia.

Kuna mahali huduma hii inafanya kazi vizuri ng'ambo ya mipaka, na wenye ndugu Ubelgiji au Ufaransa huenda wamesikia habari zake. Luxembourg ni nchi ndogo sana, lakini kila siku ya kazi watu zaidi ya 200,000 wanaingia humo kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, wanafanya kazi, na jioni wanarudi kulala kwao. Ni karibu nusu ya wafanyakazi wote wa mshahara wa nchi hiyo. Ofisi za ajira za nchi hizo zimeunganishwa katika mtandao unaoitwa EURES, ulioanza mwaka 1994 na sasa unafika nchi 31. Mtu wa Arlon, upande wa Ubelgiji, anaweza kumwendea mshauri na kuuliza: kodi nitalipa wapi? Nikiugua, nani atalipa daktari? Watoto wangu watapata posho kutoka upande gani? Mshauri anamjibu, na hamtozi kitu.

Na mtu huyo akipoteza kazi kabisa? Hapo ndipo tuliona jambo la kujifunza. Kwa kawaida posho ya kukosa kazi italipwa na nchi anapolala, ingawa jasho lake lilimwagika ng'ambo. Nchi alikofanya kazi inatoa karatasi inayoitwa U1, inayoonyesha muda aliofanya kazi huko, na ofisi ya kwao inaipokea. Mpaka upo, lakini ofisi za pande mbili zinaandikiana, na mfanyakazi hapotei katikati.

Kwenye mipaka yetu, katikati ndipo watu wanapopotea. Congo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa 7 mwaka 2022, na Jumuiya hiyo ina itifaki ya soko la pamoja, inayotumika tangu 2010, ambamo wafanyakazi kwenda nchi moja hadi nyingine kumeandikwa. Lakini kilichoandikwa hakijawa dirisha ambalo mama wa Kadutu anaweza kwenda kuuliza swali lake. Vita nayo imeongeza uzito wake juu ya ofisi zilizokuwa dhaifu tangu zamani.

Kwa hiyo watu wetu wanapitia kwa majirani. Uganda na Kenya zina ofisi zinazotoa leseni kwa mashirika yanayopeleka watu Ghuba, na serikali zao zimeandikiana na Saudi Arabia juu ya wafanyakazi hao. Si ulinzi kamili. Majirani wenyewe wanalalamika. Lakini ni ulinzi wa raia wao. Mkongomani anayetengenezewa paspoti ya nchi nyingine ili apite haraka anafika Ghuba akiwa mtu wa uongo. Siku ya shida, ubalozi wa nchi ile utasema si mtu wao, na ubalozi wa Congo hauna jina lake. Hili tunalisema kwa nguvu kwa sababu ndilo watu wanaloliona dogo kuliko yote.

Huko Ghuba kibali cha kukaa mara nyingi kinafungwa kwa mwajiri mmoja. Ukimkimbia bila utaratibu, unaweza kugeuka mhalifu mbele ya polisi. Hata hivyo, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zote zinakataza kwa sheria mwajiri kushika paspoti ya mfanyakazi. Ni vema mtu ajue hilo kabla ya kupanda ndege. Na viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, hata anayeiuza akiapa.

Tangu mwaka uliopita, katika parokia chache, tumeweka desturi: anayeomba barua ya mchungaji kwa ajili ya kazi ya nje alete mkataba, tuusome pamoja. Tunatafuta jina la mwajiri na mahali alipo, mshahara, saa za kupumzika, nani analipa tiketi ya kurudi. Nakala moja inabaki kwa familia. Sisi si ofisi ya ajira, na hatujui kusoma Kiarabu. Mara mbili tulimwomba Mwislamu jirani atusaidie, akatusaidia vizuri.

Dada mmoja wa kwaya alileta wake wiki tatu zilizopita. Kurasa mbili, mihuri mitatu, na mahali pa jina la mwajiri palikuwa patupu. Alimpigia simu yule mtu akamwuliza. Simu ilikatwa, na haijapokelewa tena. Dola 350 alizolipa hazijarudi, lakini yeye yuko Bukavu, na Jumapili aliimba.