Hamali Asiyejua Ijumaa

Je, wajua kwamba katika bandari ya Rotterdam, nchini Uholanzi, kuna gati ambako mgeni aweza kusimama tangu alfajiri hata magharibi, akatazama shehena ya meli kubwa ikiteremshwa na kupangwa, asimwone dereva hata mmoja kwenye magari yanayoichukua? Ardhi yenyewe ya mahali hapo, iitwayo Maasvlakte ya Pili, ni ya juzi tu. Ilichotwa kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini baina ya mwaka 2008 na 2013, mchanga wa kiasi cha mita za ujazo milioni 240, hata zikapatikana takriban hekta 2,000 pale palipokuwa na mawimbi matupu. Juu ya mchanga huo ndipo anapokwenda na kurudi, usiku na mchana, yule ninayetaka kumsimulia: gari bapa la chuma, lenye urefu wa mita 15 hivi, lisilo na usukani, wala kiti, wala kioo cha mbele, kwa kuwa hakuna mtu ndani wa kutazama mbele.

Wenyewe humwita kwa herufi tatu za Kiingereza, AGV, yaani gari lijiendeshalo. Mimi nitamwita hamali, kwa sababu kazi yake haitofautiani na ya mahamali wetu wa Unguja na Mombasa, ambao tangu zama za majahazi walipokea mzigo mahali, wakauchukua, wakautua pengine, bila ya kuuliza kilichomo. Hamali huyu hubeba hata tani 60 kwa safari moja, ndiyo kusema kasha moja kubwa la chuma ama mawili madogo, huenda mwendo wa mita 6 kwa sekunde, na akifika aendako husimama pahala pake pasi na kukosea zaidi ya upana wa kidole gumba. Macho hana. Chini ya sakafu ya bandari vimefukiwa vidude vidogo vya redio, kila kimoja na tarakimu yake, naye kila apitapo juu yavyo huisikia tarakimu ile akajua yu wapi, mfano wa kipofu aijuaye njia ya msikitini kwa kuhesabu kona na vizingiti.

Wa kwanza wa kabila lake walianza kazi Rotterdam hiyo hiyo mwaka 1993, katika gati ya kampuni ya ECT, wakinguruma kwa dizeli. Hawa wa Maasvlakte ya Pili, walioanza mwaka 2015, huenda kwa betri, na betri ikikaribia kwisha hujipeleka wenyewe kwenye nyumba ya kubadilishia, ambako mkono wa mashine huitoa ile iliyochoka na kutia iliyoshiba. Tena wamo miongoni mwao wenye hila ambayo wazee wao hawakuwa nayo: waweza kuinua mgongo, wakauacha mzigo juu ya matendegu ya chuma, wakaenda zao, badala ya kungoja winchi ije iwapokee. Mtu asiyepata kufanya kazi ya bandari huenda asione uzito wa jambo hili. Lakini aliyewahi kusimama juani na mkokoteni uliojaa, akimngoja karani aliyekwenda kunywa kahawa, atafahamu mara moja kwamba nusu ya uchovu wa hamali haitokani na kubeba, hutokana na kungoja.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba akili imo ndani ya hamali mwenyewe. Hamali ni mtiifu, si mwerevu. Anayemwamuru yuko mbali, katika kompyuta za bandari, na kwa miaka mingi huyo naye hakuwa na akili bali kanuni tu: waandishi wa programu waliketi wakaandika kwamba likitokea hili lifanywe lile, na mashine ikafuata kama mwanafunzi anayehifadhi asiyefasiri. Hiyo iitwayo akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde na wengine akili bandia (mimi hilo la tatu hunikumbusha watoto wa bandia wa kuchezea, kwa hivyo naliepuka), imeingia kwa mlango mwingine. Haiandikiwi kanuni, hupewa kumbukumbu za miaka, habari za makasha yasiyo na idadi, yaliingia lini na yakatoka lini, ikaachwa itafute yenyewe mazoea yaliyojificha humo, kama nahodha mkongwe ambaye hakusoma elimu ya pepo chuoni, lakini akilitazama wingu la asubuhi hujua kama ni siku ya kutweka tanga ama ya kulala bandarini.

Na yapo mengi ya kukisia. Makasha hupangwa uwanjani moja juu ya jingine, na likitakiwa la chini hapana budi yaliyo juu yapanguliwe kwanza. Kila kupangua ni dakika, ni umeme, ni hamali mwingine anayesubiri. Laiti ingejulikana mapema ni lipi litakalochukuliwa kwanza, lingewekwa juu na shauri likaisha. Lakini makasha 10 tu yaweza kupangwa foleni kwa namna 3,628,800, na uwanja mmoja hukusanya maelfu. Kuzipima namna zote moja moja kabla ya meli kung'oa nanga ni muhali. Basi akili mnemba hutazama mwenye mzigo ni nani, bidhaa ni gani, leo ni siku gani ya juma, na zamani mtu huyo alikuwa akikawia siku ngapi kuja kuchukua mali yake, kisha hunena: hili litaondoka kesho, lile litakaa hata juma lijalo. Hukosea mara nyingine, kama wakisiaji wote, ila hukosea kwa uchache kuliko mwenye kubahatisha, na uchache huo, katika bandari iliyopitisha makasha milioni 13.8 mwaka 2024 kwa hesabu ya kasha la futi 20, ni mali nyingi. Ukisiaji huo huo hutumiwa kwa meli zenyewe: mamlaka ya bandari ilitengeneza programu iitwayo Pronto, ambayo kazi yake mojawapo ni kutabiri saa ya meli kufika, ili rubani, tishari, mwenye gati na mwenye mafuta wasikutane kwa bahati.

Jambo hili latugusa hata sisi tulio mbali, kwa kuwa parachichi zinazochumwa katika mashamba ya Kenya, zikapakiwa Mombasa ndani ya makasha yenye ubaridi, nyingi huingia Ulaya kwa mlango wa Rotterdam, na tunda halina subira ya chuma. Mwishoni mwa mwaka 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, wenye marikebu waliiacha njia ya Suez wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa siku 10 na zaidi. Na hapo ikadhihirika aibu ya kila elimu iliyojengwa juu ya mazoea, kwamba mkisiaji aliyelelewa na safari za Suez hajui lolote juu ya Rasi mpaka safari za Rasi zimfundishe.

Udhaifu mwingine wa mpango huu wa kompyuta ulionekana tarehe 27 Juni 2017, siku ambayo programu ovu iliyopewa jina la NotPetya, ikitokea Ukraine kupitia programu ya uhasibu iliyotumiwa sana nchini humo, iliingia katika kompyuta za kampuni ya Maersk, mwenye gati ya mahamali wetu. Malango yalifungwa, malori yakapanga foleni, na mahamali wakasimama kama ng'ombe waliofiwa na mchungaji. Kampuni ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku 10, na hasara ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kisa kinachonifurahisha zaidi katika msiba huo ni kwamba daftari kuu la kompyuta hizo, lile la kujua nani ni nani na ana ruhusa gani, lilikuwa limefutika kila pahala ulimwenguni isipokuwa katika ofisi moja ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika saa ile ya shambulio, kompyuta ikawa imezimika, na kwa kuzimika ikasalimika. Sisi ambao kila siku tunalalamikia kukatika kwa umeme tuna haki ya kutabasamu kidogo. Diski ya kompyuta hiyo ilichukuliwa kwa mkono hata Nigeria, na kutoka Nigeria ikapelekwa Uingereza, ndipo shirika kubwa namna ile likaweza kusimama tena. Katika siku zile za giza, kwa ushuhuda wa mwenyekiti wake, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu kwa mikono, na shehena iliyopitishwa ikapungua kwa asilimia 20 tu.

Nije sasa kwenye juma, ambalo hamali huyu halijui. Juma la Waswahili ni la namna ya peke yake: limejengwa kuizunguka siku ya sala, Ijumaa, na kesho yake ndipo hesabu inapoanza, Jumamosi, Jumapili, hata Jumatano, kisha ghafula inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, tukawa watu wenye siku mbili za tano ndani ya juma moja na tusione taabu. Siku hizo zimekatwa kwa kipimo cha binadamu, mwenye kuchoka, na kusali, na kwenda harusini. Hamali wa Maasvlakte hana Ijumaa wala Jumapili. Aliyeondoka usukanini ameondolewa pamoja na saa zake za kulala. Hata mwenye winchi ya gatini hakai tena juu angani ndani ya kibanda cha kioo. Huketi ofisini mbele ya skrini, akaiongoza winchi kwa fimbo ndogo, na pale ambapo zamani mgongo wake ulikuwa ukiuma, sasa yanauma macho.

Saa zilizookolewa hivyo ni za nani? Mwaka 1930 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba baada ya miaka mia moja watu wangetosheka kufanya kazi saa 15 kwa juma. Muda aliouweka umebaki mfupi, na sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ingali ikihesabu saa 45. Naona kosa la Keynes halikuwa katika mashine, kwani mashine zilifanya yote aliyozitarajia. Kosa lilikuwa kudhani kwamba saa, zikiisha kuokolewa, hurudi nyumbani kwa mwenyewe bila ya kudaiwa. Tazama makasha yenyewe yalivyoanza: tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X, mali ya mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston na makasha 58, na gharama ya kupakia tani moja, iliyokuwa dola 5.86, ikashuka hata senti 16. Makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, kwa uongozi wa Harry Bridges, hawakuivunja mashine wala hawakuikimbia. Mwaka 1960 waliketi na waajiri, wakaikubali kwa bei: dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano na nusu, za kuwastaafisha wazee mapema na kuwalinda waliobaki.

Waholanzi nao ni watu wa kuketi barazani. Katika Mapatano ya Wassenaar ya mwaka 1982 vyama vya wafanyakazi vilikubali mishahara isipande kwa kasi, na badala yake juma la kazi likafupishwa. Leo Mholanzi hufanya kazi, kwa wastani, saa 32 hivi kwa juma, chache kuliko mtu wa nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo magati mapya ya Maasvlakte yalipofunguliwa, na makuli wa makasha wakaona kwamba mahamali wa chuma wamekuja kula nao sahani moja, waligoma kwa muda wa saa 24 tarehe 7 Januari 2016, mgomo wa kwanza wa namna hiyo bandarini hapo kwa miaka 13. Mapatano yaliyofuata yaliwahakikishia ajira hata katikati ya mwaka 2020, na wenye umri mkubwa wakapata njia ya kufanya asilimia 60 ya kazi kwa asilimia 95 ya mshahara, bila ya kupunguziwa haki ya pensheni. Hilo ndilo juma fupi la kweli nililoliona likizaliwa na mashine, na mashine yenyewe haikulitoa. Lilitolewa mezani, na watu waliokwisha kuonyesha kwamba waweza kuondoka kazini.

Kuna kazi moja ambayo hamali huyu, kwa nguvu zake zote na ukisiaji wote ulio nyuma yake, hajaiweza. Makasha yaliyo juu ya meli hufungwa kwa vyuma virefu vya kukazwa na kufuli za pembeni, ili mawimbi yasiyaangushe, na kuvifungua vyuma hivyo, katika ujia mwembamba baina ya safu na safu, mvua ikinyesha na upepo ukivuma, bado ni kazi ya watu wenye glavu na fimbo za chuma. Mnamo Oktoba 2025 watu hao waligoma Rotterdam, wakidai ujira bora. Winchi zilikuwa nzima, betri zimejaa, kompyuta zikijua kila kasha lilipo na liendako. Na kwa siku kadhaa makasha yalikaa juu ya meli, yamefungwa.